Kununua na kumiliki Nissan Figaro iliyotumika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukiwa na Figaro utaulizwa maswali petroli stesheni, kwenye foleni, kwenye paking ya supamaketi, na wengi wanaouliza wanarudia yaleyale. Haya hapa yamekusanywa, zaidi kwa ndugu zetu walioko Uingereza mana huko ndo gari hizi zimejaa, lakini mwishoni kuna ya Dar, Mombasa, Kampala na Muscat pia.

## Mambo ya msingi

Hii gari ni ya mwaka gani kwani? Mbona inafanana na za enzi za ukoloni?

Ni ya 1991. Zote. Nissan waliitengeneza mwaka huo mmoja tu basi, baada ya kuionyesha kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo mwaka 1989. Sura ndo imeigizwa kutoka vigari vya miaka ya 1950 na 1960, zile kona za mviringo, kromu, vibonyezo vyeupe kwenye dashibodi, redio yenye uso wa kizamani kumbe ndani inapiga CD. Chini ya hayo yote ni Nissan March ya K10, ambayo Ulaya waliiita Micra. Kwa hiyo mtu akikwambia anauza "Figaro ya 1965" achana naye.

Mbona wanasema ni adimu wakati Uingereza naziona mara kwa mara?

Mpango wa kwanza ulikuwa gari 8,000, waombaji wakawa wengi kupita kiasi, Nissan wakaongeza mpaka 20,000 hivi na bado wateja wakagawiwa kwa bahati nasibu. Mpya ilikuwa yeni 1,870,000. Ziliuzwa Japani peke yake, ila Waingereza wanaendesha upande mmoja na Wajapani, stelingi kulia, hivyo zilipoanza kutoka kama mitumba nyingi zikaishia Uingereza. Ukiwa London au Brighton utadhani ni gari ya kawaida, nenda Ujerumani uone kama utaiona.

Ina ndugu zake watatu wa mtindo huohuo wa kizamani, Be-1, Pao na S-Cargo, lakini Figaro pekee ndo inafunguka juu kama kawaida yake ya kiwandani na ndo pekee yenye tabo.

Rangi za kiwandani ni ngapi?

Nne, kila moja na msimu wake. Emerald Green ni ya machipuko, Pale Aqua ya kiangazi, Topaz Mist ya vuli, Lapis Grey ya baridi. Paa ni jeupe na viti ni vya ngozi nyeupe, hizo ni zote.

Ukiona ya pinki au nyekundu imepigwa rangi baadaye. Sio dhambi, ila uliza kwa nini ilipigwa, mana rangi mpya juu ya puti ndo njia rahisi kuliko zote ya kuficha kutu. Fungua buti, nyanyua zulia, angalia ndani ya fremu ya mlango, rangi ya asili huwa imebaki kule.

Inafunguka yote kabisa au nusunusu?

Nusunusu. Fremu za juu ya milango zinabaki palepale, kinachoondoka ni kitambaa cha katikati pamoja na kioo cha nyuma, vinakunjwa na kulazwa nyuma chini ya mfuniko. Unafanya kwa mkono, hamna mota wala kitufe cha umeme. Ukizoea ni kazi ya dakika chache ila mvua ikikukuta barabarani utalowa kidogo, hilo halina ujanja.

Faida ya fremu kubaki ni kwamba gari haipepesuki sana kama zile zilizokatwa juu lote, na upepo ndani ni wa kuvumilika hata kwa dada aliyetoka kusuka.

Injini ni cc ngapi na ina nguvu kweli?

987 cc, ya petroli, ina tabo, farasi 76. Giaboksi ni otomatiki ya gia 3. Gari yenyewe ina kilo 810 tu kwa hiyo mjini inachomoka vizuri kuliko unavyofikiria. Barabara kuu ndo habari nyingine, angalia jibu la motorwei huko chini.

## Kabla ya kununua

Nianze kukagua injini au bodi?

Bodi. Bodi, halafu bodi tena, kisha ndo ufungue boneti.

Sisi tumelelewa kuangalia injini kwanza, unafika yadi unamwambia muuzaji washa, unasikiliza mlio, unaangalia moshi, ukiridhika unaanza kupatana bei. Kwa Probox au Vitz hiyo inatosha. Kwa Figaro unaibiwa mchana kweupe, mana injini na vitu vingi vya chini ni ukoo wa Micra, spea zipo na fundi yeyote mwenye akili anaelewa, lakini bodi, kromu, paa, taa, vile vibonyezo, hivyo ni vya Figaro tu na kiwanda kilishafunga huo ukurasa mwaka 1991. Injini mbovu kwenye bodi safi ni gari inayotengenezeka. Injini tamu kwenye bodi iliyooza ni hasara yenye sauti nzuri.

Kutu inakaa wapi hasa?

Kwanza ujue mtego wa fenda za mbele. Fenda za mbele za Figaro ni za plastiki, haziozi kamwe, kwa hiyo unakuta mbele kunang'aa kama yai wakati chuma cha nyuma ya hizo fenda kimekuwa biskuti. Sumaku haitakusaidia pale. Piga magoti, washa tochi ya simu, geuza tairi upande mmoja uchungulie ndani kabisa kule matope yanakorundikana.

Halafu ile boksi ya chuma inayopita chini ya milango. Pita nayo taratibu kwa kitako cha bisibisi, gonga kidogokidogo, chuma kizima kinalia ting, kilichooza kinalia kama unagonga kadibodi, na pale palipojazwa puti hapalii kitu. Angalia sehemu za kuwekea jeki, kama zimebonyea au zimepakwa lami nyeusi mbichimbichi juzi, uliza maswali. Tao la juu ya tairi za nyuma ndo la tatu, kutu inaanzia ndani inakuja nje, kwa hiyo ukiona kijipele kidogo tu kwenye rangi ujue upande wa pili kumeshaharibika muda.

Ndani nyanyua mazulia ya mbele na mkeka wa buti. Shika sponji la chini kwa mkono. Likiwa na unyevu maji yanaingia kupitia paa au mipira ya milango, na sakafu inaoza kutokea juu kwenda chini, ambapo mtu aliyelala chini ya gari hawezi kuona. Harufu ya ukungu ukifungua mlango ni jibu tosha.

Kwa nini za Uingereza zinaoza zaidi? Chumvi. Kipindi cha baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu na ile chumvi inakaa kwenye kila kona ya chini. Gari iliyoingia Uingereza miaka ya 2000 imeshakunywa chumvi kwa baridi nyingi sana, labda kama mwenyewe alikuwa anailaza ndani.

Sawa, bodi nimeridhika nayo. Injini je?

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika shika boneti, ikiwa ya moto tayari kuna kitu hataki ukione, mara nyingi ni shida ya kuwaka asubuhi au moshi wa mwanzo.

Ikiwaka angalia ekzosi. Moshi wa bluu ni oili, inaweza kuwa tabo imechoka au injini yenyewe. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto, pamoja na maji ya rejeta kupungua, fikiria gasketi ya silinda hedi. Fungua mfuniko wa oili, ukikuta uji wa rangi ya chai ya maziwa usianze kubishana bei, sema asante uondoke, labda kama unainunua kwa bei ya mradi, yaani gari ya kutengeneza upya, na unajua unachofanya.

Kuchemsha ndo adui mkubwa wa hii injini. Rejeta nyingi ni za zamani na zimeziba, mipira ya maji imekakamaa, halafu watu wamekuwa wakiongeza maji ya bomba tu bila kulanti miaka nenda rudi. Iache ingurume imesimama dakika 15 au 20 huku unaongea na muuzaji, angalia geji ya joto, sikiliza kama feni ya rejeta inaingia.

Ugonjwa mwingine unaojulikana ni distribyuta, oili inapenya ndani yake na gari inaanza kupiga misi au inazimika ikipata moto, afu ikipoa inawaka kama hamna kilichotokea. Uliza kama imeshabadilishwa. Na uliza taimingi belti ilibadilishwa lini, mana hii injini ni ya belti sio cheni. Kama hamna risiti hesabu kwamba haijabadilishwa, weka gharama yake na ya watapampu kwenye bei mapema.

Giaboksi ya otomatiki ya umri huu si ni balaa?

Sio balaa kama imetunzwa, ni ya kizamani, rahisi. Chomoa stiki ya oili ya giaboksi, paka kwenye tishu nyeupe. Nyekundu safi ni nzuri, kahawia inayonuka kuungua ni mbaya. Barabarani igusishe gia zote 3, ibadilishe bila kupiga teke, halafu simama weka rivasi usikie kama inachelewa kushika.

Nitajuaje imetembea kiasi gani?

Uingereza una bahati, historia ya MOT, yaani ule ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka, inaonekana bure kwenye tovuti ya serikali, unaweka namba ya gari tu unaona kila ukaguzi kuanzia 2005, imepita au imefeli, kwa sababu gani, na geji ilisoma ngapi. Soma yale maonyo madogomadogo zaidi kuliko matokeo yenyewe. Ukiona miaka minne mfululizo wanaandika kutu sehemu ileile, halafu mwaka wa tano onyo limepotea na hamna risiti ya kuchomelea, mtu kapaka lami.

Kitu kinachochanganya wengi ni kwamba geji ya kiwandani inasoma kilomita. Nyingine zimebadilishwa kuwa maili, nyingine hazijaguswa, na mkaguzi mmoja anaandika maili mwingine kilomita. Kwa hiyo ukiona mwaka mmoja namba imeruka au imerudi nyuma usikimbilie kusema gari imechezewa, piga hesabu kwanza, maili 1 ni kilomita 1.6.

Paa na mambo ya ndani nikague vipi?

Lifungue na ulifunge mwenyewe, usikubali kuonyeshwa. Kitambaa kisiwe kimepasuka kwenye mikunjo, kioo cha nyuma kisiwe kimeachia gundi pembeni. Mwaga chupa ya maji juu ukae ndani.

Ngozi ya viti ikichanika inashonwa, ila vibonyezo vya dashibodi, nembo na vipande vya kromu vikiwa havipo andika kila kimoja kisha uangalie bei zake kabla hujatoa pesa. Wengi wanashtuka hapa. Redio ya asili ikiwa haipigi CD usishangae, nyingi zimekufa, lakini usikubali mtu akuuzie gari yenye tundu pale.

Bei ya haki ni ipi?

Kwa matangazo ya Uingereza, mradi wa kutengeneza unaanzia pauni elfu chache na safi kabisa zinapita 10,000. Za katikati ndo hatari, ile ya bei nafuu kidogo, rangi mpya, muuzaji ana haraka. Bora ununue safi ya bei kubwa au mradi unaojulikana ni mradi. Kuchomelea na kupiga rangi bodi nzima vizuri kunaweza kula pesa kuliko tofauti ya bei yote.

Ninunue iliyopo Uingereza au niagize Japani?

Ukiagiza Japani unakwepa chumvi ya Uingereza, japo Japani nako mikoa ya theluji wanamwaga chumvi barabarani, kwa hiyo uliza gari ilikuwa mkoa gani. Omba karatasi ya mnada, isome daraja la bodi na alama za kutu, na kama daraja ni R au RA ujue iliwahi kugongwa ikatengenezwa.

Kuna jambo wengi hawalijui. Gari iliyotimiza miaka 30, ikiwa katika hali yake ya asili na muundo wake hautengenezwi tena, Uingereza inaweza kuingia kama kitu cha kihistoria, ushuru sifuri na VAT asilimia 5 badala ya 20. Figaro zote zimeshavuka hapo. Ila lazima uombe hivyo kwenye fomu za forodha, usipoomba wanakukata kama gari ya kawaida. Ikifika unatakiwa kuitaarifu HMRC, wale watu wa kodi wa Uingereza, ndani ya siku 14 ndo DVLA, wanaosajili magari, wakubali kuisajili.

## Kuendesha na kutunza

Inafaa kutembelea kila siku?

Mjini inafaa, wapo wanaoenda nayo kazini mwaka mzima. Ila ukiniuliza mimi, kipindi cha chumvi iache ilale utembelee kitu kingine. Na uangalie kwanza mji unaoishi, soma jibu la ULEZ, ile tozo ya London kwa magari yenye moshi mchafu, huko chini kabla hujalipa.

Motorwei inaweza?

Inaweza kufika maili 70 kwa saa na kukaa pale, lakini ina gia 3 tu, hamna ya nne ya kupumzisha injini, kwa hiyo inapiga kelele na wewe unapiga kelele kumjibu abiria. Maili 60 njia ya kushoto ndo raha yake. Na kumbuka hamna eabegi, gari ni nyepesi, jirani yako ni lori la tani 40. Endesha ukijua hivyo.

Watoto wanakaa nyuma?

Ina viti vinne kwenye karatasi. Kiuhalisia nyuma ni pa mtoto mdogo au mfuko wa shopingi, mtu mzima atakaa kama yuko kwenye daladala ya jioni Mbagala. Kama unataka kufunga kiti cha mtoto njoo nacho siku ya kukagua, angalia mikanda ya nyuma ilivyo, jaribu hapohapo.

Niweke petroli gani?

Uingereza tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ni E10, ina ethanoli mpaka asilimia 10, na gari za kabla ya 2002 nyingi mipira na mabomba yake ya mafuta hayakutengenezwa kwa hiyo kitu. Weka ile ya supa ya E5. Inaongeza pauni kidogo kwa tenki ila ni rahisi kuliko kutafuta harufu ya petroli inavuja wapi.

Sevisi nifanye kila baada ya muda gani?

Oili na filta usizidishe kilomita 5,000, au mara moja kwa mwaka kama haitembei sana. Ni tabo ndogo ya zamani, inaishi kwa oili safi. Ukitoka mwendo mrefu usizime palepale, iache ingurume dakika moja mbili tabo ipoe. Kulanti badilisha kila baada ya miaka miwili na usichanganye na maji ya bomba. Belti tumeshaizungumza kwenye jibu la injini.

Tairi nazitoa wapi?

Saizi ni 165/70 R12. Inchi 12! Ukienda duka la kawaida kijana atakuangalia kama umemuuliza tairi za toroli. Zinaagizwa, zinafika, ila usisubiri mpaka ziishe. Na wakati wa kununua gari soma tarehe kwenye ubavu wa tairi, zile namba 4, mbili za mwanzo ni wiki mbili za mwisho ni mwaka. Unakuta kashata nzuri kabisa lakini mpira una miaka 12 umekauka una nyufa.

AC haipoozi, nijaze gesi tu?

Kiwandani ilikuja na gesi ya R12 ambayo ilishapigwa marufuku kwa sababu ya tabaka la ozoni. Kama haijawahi kubadilishwa huwezi kujaza tu, inabidi mfumo ubadilishwe utumie R134a, pamoja na oili yake na mipira ya kwenye maungio. Angalia stika kwenye boneti. Akikwambia "inahitaji gesi tu" muulize mbona hajaweka mwenyewe.

Spea zinapatikana? Nahitaji fundi maalumu?

Vya injini, breki, shokapu, bushi, hivyo havisumbui sana, vingine ni vilevile vya Micra ya K10. Mbele breki za diski, nyuma ngoma, hamna maajabu. Vya bodi na urembo unategemea maduka ya Figaro yenyewe, yapo kadhaa Uingereza, wanatengeneza upya baadhi ya vitu, na kuna klabu za wenye gari ambazo watu wanauziana na kuelekezana fundi.

Fundi wa mtaani anatosha kwa sevisi. Kuchomelea bodi mpe aliyewahi kushika Figaro.

Kipindi cha baridi niihifadhije?

Ioshe chini kwanza, ikauke. Ndani ya gereji ndo bora, kama huna tumia kava linalopumua, sio turubai la plastiki, mana turubai linafungia unyevu na unarudi Machi unakuta viti vina ndevu. Paa liache limefungwa, limekauka, usilikunje likiwa bichi. Betri iweke kwenye chaja ndogo au uitoe. Kila baada ya miaka michache piga nta ya kuzuia kutu kwenye maboksi ya chini na nyuma ya fenda, hiyo pesa usiionee huruma.

## Karatasi, kodi na bima

Figaro inalipa ULEZ?

Ndiyo, kama bado ina injini yake ya petroli. Haifiki kiwango cha moshi cha Euro 4, kwa hiyo London unalipa pauni 12.50 kila siku unayoitembeza, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo hilo limefika mitaa yote ya London, sio katikati tu. Birmingham pauni 8 na Bristol 9 kwa maeneo yao ya katikati. Ukiishi Croydon au Barking na unataka kwenda nayo kazini siku tano kwa wiki piga hesabu ya mwaka kisha ukae chini.

Nafuu inakuja gari ikitimiza miaka 40 na kuingia daraja la kihistoria, hapo kodi ya barabara inakuwa sifuri, ULEZ unasamehewa na MOT hulazimiki, mradi usiwe umeibadilisha sana. Kwa Figaro MOT ni kuanzia 2031, kodi na ULEZ ni kuanzia 2032. Kwa sasa kodi ya barabara inahesabiwa kwa ukubwa wa injini, na yenyewe ipo kundi la chini, lile la chini ya 1,549 cc.

Nikiweka namba kwenye tovuti za bima inagoma, kwa nini?

Figaro haina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, ni gari ya soko la Japani, chasisi yake inaanza na FK10 halafu tarakimu. Tovuti nyingi zinachanganyikiwa. Piga simu kampuni za bima za magari ya kizamani, uombe bima ya thamani ya makubaliano, yaani mnakubaliana mapema gari ina thamani gani, usipofanya hivyo ikigongwa watakulipa bei ya kigari cha cc 987 cha 1991.

Hakikisha pia namba ya chasisi kwenye bati la ndani ya boneti inafanana na ya kwenye logibuku. Namba za usajili nyingi zinaanzia H au J kufuatana na ilitengenezwa nusu ipi ya 1991, lakini tarehe ya kusajiliwa Uingereza inaweza kuwa 2002 au 2008, hiyo ni kawaida, ndo siku iliyoingia nchini.

Naweza kuikodisha kwenye harusi?

Zinapendwa sana kwa harusi na picha, ila bima ya kawaida haifuniki kukodisha, hata kama ni shemeji yako anakupa "hela ya mafuta". Chukua ya biashara. Halafu pima shela la bibi harusi kabla, mlango ni mmoja kila upande na buti haimezi kitu.

## Maswali ya pembeni

Naweza kuipeleka Afrika Mashariki?

Kenya sahau kwa njia ya kawaida, sheria yao inataka gari isiyozidi miaka 8. Uganda tangu 2018 haziingii za miaka 15 na kuendelea. Tanzania haina ukomo wa namna hiyo lakini kuna kodi ya uchakavu inayopanda na umri wa gari, kwa hiyo ingiza taarifa zake kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujaweka gari melini, sio baada.

Ikishafika, Dar haina chumvi ya barabarani ila hewa ya bahari nayo inakula chuma, joto la foleni ya Mwenge linapima rejeta vibaya, na tumbo la gari liko chini kwa mashimo na matuta yetu. Fundi wa injini utampata Ilala, kipande cha kromu hutakipata.

Mjomba yuko Muscat anaitaka, nimtumie?

Figaro zote ni stelingi kulia, hamna hata moja iliyotoka kiwandani na stelingi kushoto. Oman na nchi za Ghuba wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mwambie mjomba apate jibu la maandishi kutoka kwa wanaosajili magari kwao kabla hajatuma hela. Marekani ni tofauti, gari ikitimiza miaka 25 serikali kuu inairuhusu iingie hata kama stelingi iko kulia, Figaro zimeanza kuingia huko tangu 2016, ila baadhi ya majimbo yana masharti yake ya usajili.

Nimeona inauzwa iliyobadilishwa kuwa ya umeme, ninunue?

Zipo, na zinaruka ULEZ kabisa. Tabu ni kwamba unanunua kazi ya mikono ya mtu. Uliza betri ni za aina gani na zimewekwa wapi, zina uzito gani ukilinganisha na zile kilo 810 za mwanzo, breki na springi zimebadilishwa au ni zilezile, DVLA wameandika umeme kwenye logibuku au bado inasoma petroli, na nani atakayeishika ikiharibika kama aliyeifunga kahama. Ile hadithi ya miaka 40 nayo inaweza kukuponyoka, mana mabadiliko makubwa yanagusa msamaha wa MOT.

Na kutu bado inakaguliwa vilevile. Betri mpya haijui kama sakafu imeoza.